Tumbo Hili Halishikwi

Kasense,
3 Mei 2024

Mkwe wangu Zita,

Sianzi na "mimi ni mzima, hofu ni kwako." Mimi si mzima, nimekasirika, na hofu sina. Wiki hii nimekupigia simu mara tatu. Mara ya kwanza ulisema uko na mteja, unampima gauni. Mara ya pili mtandao unasumbua. Mara ya tatu mtandao haukusumbua, ulikata wewe. Basi nakuandikia. Simu mtu anaikata akishindwa maneno, lakini barua utaisoma mpaka mwisho, na hata ukiichana utakuwa umeshaisoma.

Mumeo Adolfu alinipitia kabla hajaondoka na lori la mahindi kwenda Tunduma. Akaniambia kliniki wamekuta mtoto amekaa makalio chini, kichwa kiko juu huku kwenye mbavu zako. Aliniambia kwa sauti ya msiba, mwanamume mzima, mpaka nikamcheka. Yeye mwenyewe alikuja duniani kwa miguu! Hajakusimulia? Alitanguliza nyayo mbili kama mtu anayeshuka kwenye lori, chumba hiki hiki ninachoandikia, na leo akija kunisalimu anainama ndipo apite mlangoni.

Sasa sikiliza. Nimegeuza watoto ishirini na wawili tumboni mwa mama zao. Mikono hii, mafuta ya nyonyo ya vuguvugu, na subira, basi. Wa mwisho mama yake ni mwalimu wa sekondari, kwa hiyo usiniletee habari kwamba ni mambo ya wasiosoma. Mwezi wa mwisho njoo ukae kwangu kama walivyokaa wake wote wa nyumba hii. Sharon ulimzalia hapa hapa, ukanywa uji wa ulezi mpaka mashavu yakakujaa, na hukufa. Mtoto wa mwanangu ninampokea mimi.

Kesho namtuma Gaudensi na bodaboda yake. Nimemwambia aendeshe taratibu, na kwenye makorongo mshuke wote wawili. Lete kanga nne na huyo Sharon wangu. Cherehani iache.

Mama mkwe wako,
Rozina


Katandala,
6 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Gaudensi alifika Jumamosi, nikampa chai na maandazi, akarudi mikono mitupu. Usimlaumu, alibembeleza kweli kweli. Leo nimemwita tena abebe hii.

Simu niliikata, sikatai. Ulikuwa unasema "lilete hilo tumbo, lilete hilo tumbo," kama vile nimeliazima kwako. Hilo tumbo lina mwenyewe, mama, na mwenyewe ndiye anayekuandikia.

Nina wiki thelathini na tatu. Nesi alinipapasa, hakuridhika, akanipeleka kwenye kipimo. Nikamwona mtoto kwenye kioo amekaa kama mzee kwenye kigoda. Nesi akasema wengi wanajigeuza wenyewe bado, tusubiri mpaka wiki ya thelathini na sita. Nikamuuliza, asipojigeuza? Akanieleza bila kunitisha, na mimi nakueleza wewe vilevile. Kwanza, kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikatangulia, ikabanwa, mtoto akakosa hewa. Pili, kichwa ndicho kikubwa kuliko vyote, na kwa mtoto wa namna hii kinakuja mwisho. Mwili unaweza kutoka kichwa kikabaki, na hapo muda ni mdogo sana. Na mama naye anaweza kuchanika na kutokwa damu nyingi. Alisema wapo wanaozaliwa salama kwa njia ya kawaida, mkunga akiwa na mkono uliofundishwa na chumba cha upasuaji kikiwa karibu. Wapo wanaohitaji kupasuliwa. Mimi nitajifungulia hospitali, iwe kwa njia ya kawaida au kwa kisu.

Adolfu alizaliwa kwa miguu akapona, na mimi ndiye niliyefaidika. Lakini mama, wewe unanisimulia aliyepona. Wasiopona hujanisimulia hata mmoja.

Sikuja kubishana na mikono yako. Sharon ulimpokea vizuri, nakushukuru mpaka kesho. Ila Sharon alikuja kwa kichwa. Huyu hajaja kwa kichwa, na tumbo hili halishikwi na mtu asiye na kipimo mkononi.

Sharon anasema anataka togwa yako.

Mkweo,
Zita


Kasense,
13 Mei 2024

Zita,

Mdomo huo ulikuwa nao siku ile tunakuja kwenu kupeleka posa? Maana uliinamisha kichwa ukawa unachora chini kwa kidole gumba cha mguu, nikamwambia marehemu baba mkwe wako, tumepata mtoto mpole. Pole yangu!

Umeniuliza habari za wasiopona. Mtu hahesabu vya Mungu. Mimi nahesabu ishirini na wawili wangu.

Basi, kwa kuwa hunisikilizi mimi, nimekupeleka kwa anayesikilizwa na wote. Jana kwenye jumuiya, zamu ilikuwa kwangu, watu wakajaa mpaka uani. Ilipofika wakati wa nia nikasimama nikasema: namwombea mkwe wangu Zita wa Katandala, mtoto amekaa makalio chini, na yeye moyo wake umekaa hivyo hivyo, Bwana awageuze wote wawili. Wakaitika "Twakuomba utusikie," na wengine walitoa machozi. Kwa hiyo usishangae wakikutembelea. Wana upendo.

Na jambo la kisu nilifute kabisa hapa. Mwanamke akishapasuliwa hashiki jembe mwaka mzima, na kila mimba inayokuja ni kisu tena. Katika nyumba hii hakuna aliyezaliwa kwa dirisha. Sitakanyaga nyumba yako mpaka wewe uwe umekanyaga yangu. Nimeapa, na watu wa jumuiya ni mashahidi.

Togwa ya Sharon iko kwenye galoni jeupe. Usimpe ikiwa baridi.

Rozina


Katandala,
16 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Togwa imefika. Na jumuiya yako imefika.

Jumatatu walikuja watatu, jana wanne. Sikuwa nimemwambia mtu, mama! Hata huyu Kristiana tunayekaa naye ukuta kwa ukuta alikuwa hajui. Sasa mpaka wauza nyanya wa hapa Katandala wananiuliza, "Makalio bado?" Mmoja ameniambia nitambae kila asubuhi kama ninayepiga deki, matako juu. Mwingine kasema niweke redio chini ya kitovu, mtoto ataifuata kwaya. Mwingine, huyo nilimfungulia mlango nikamwonyesha barabara, akaniuliza nimemtukana nani mpaka mtoto anigeuzie mgongo. Ulinivua nguo mbele ya watu, mama, ukaiita sala.

Lakini jana jioni, wenzake walipoondoka, Valeria alibaki. Yule wa kwenu Kasense anayeimba sauti ya pili. Aliniletea unga wa ulezi, akakaa, akanisaidia kupinda sketi mbili nzima za shule. Halafu akasema, "Usiende." Nikamuuliza niende wapi? Akasema, "Kwa mama mkwe wako. Mimi nilienda."

Ameniambia ni miaka kumi na moja sasa. Alikuwa na miezi minane na zaidi, mtoto amekaa kama huyu wangu, ukampaka mafuta, ukaanza. Akakuambia, "Mama, basi." Ukamwambia, "Bado kidogo." Akakuambia tena basi. Baadaye ikaja damu, mtoto akatoka amekufa, na yeye mwenyewe alipelekwa hospitali hajitambui. Na kwenye mazishi ulisimama ukasema Mungu amempenda zaidi. Alisema hajawahi kumwambia mtu, kwa sababu wewe ni mwenyekiti wa jumuiya na ndiye uliyewapokea wadogo zake wote.

Sikuulizi kwa kukudharau. Nakuuliza kwa sababu niko na miezi minane na umeapa mbele ya watu kwa ajili ya tumbo langu. Ni kweli au si kweli?

Zita


Kasense,
18 Mei 2024

Zita,

Valeria ana mdomo.

Ulezi umekomaa wote kwa pamoja mwaka huu, sina nafasi ya kuandika.

Rozina


Katandala,
28 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Siku kumi nimesubiri. Najua ulezi wenu, hauvunwi siku kumi usiku na mchana.

Jana nilikuwa kliniki. Wiki thelathini na sita, na hajajigeuza. Sasa nakuambia jambo litakalokufurahisha, maana sitaki kukuficha kitu ingawa wewe unanificha: hata wao hospitali wanageuza. Ndiyo, kwa mikono, juu ya tumbo, kama wewe. Daktari alinieleza. Niliposikia nilitaka kucheka, nikasema mama mkwe wangu akijua hili Kasense hapatakalika.

Lakini nikamuuliza namna wanavyofanya. Kwanza wanapima maji yaliyomzunguka mtoto na mahali kondo lilipojishika. Wanasikiliza moyo wa mtoto kabla, wanasikiliza katikati, wanasikiliza baada. Chumba cha upasuaji kiko tayari, hatua chache tu. Mama akisema inauma sana, wanaacha. Moyo wa mtoto ukibadilika, wanaacha. Wakijaribu mara mbili tatu hataki, wanaacha, wanatafuta njia nyingine. Mimi wamesema hawatanigeuza kabisa, maji ni machache. Na safari hii kipimo kimeonyesha ameshusha mguu mmoja, kwa hiyo hata ile njia ya kawaida wameifuta. Wamenipangia upasuaji tarehe kumi na nne mwezi ujao.

Usiku ule sikulala kwa kufikiri jambo moja. Wao wana mahali pa kuachia. Wewe, mama, huwa unaacha lini?

Zita


Kasense,
1 Juni 2024

Zita,

Umeuliza vibaya na umeuliza sawa. Haya, soma.

Mtoto wangu wa kwanza si Fabiani. Fabiani ni wa pili. Wa kwanza alikuja mwaka 1979, nina miaka kumi na tisa, na alikuja kwa makalio. Mwili ukatoka mpaka shingoni, kichwa kikagoma. Alikuwa hai. Alikuwa ananipiga teke hapa kwenye paja, teke la nguvu, na mimi nikawa nafurahi nikidhani anasaidia kutoka. Mama mkwe wangu akavuta. Akavuta tena. Mwanamke mmoja akachukua maji akambatiza hivyo hivyo, nusu yuko kwangu nusu yuko duniani, akamwita Christopha. Yale mateke nikayahisi yanapungua mpaka yakaisha. Watoto wangu hawajui. Sasa unajua wewe.

Unadhani nilianza kugeuza watoto kwa sababu ya sifa? Niliapa hakuna mtoto atakayekuja kwa makalio hapa Kasense nikiwa hai. Hatukuwa na kipimo wala daktari, gari lilikuwa la misheni na lilipita likitaka. Nilikuwa na mikono hii tu. Hao ishirini na wawili wako hai, wengine wana watoto wao, na siwaombei radhi kwa mtu. Sitaruhusu uniambie mikono hii haikufanya kitu.

Ukimweka wa Valeria ni ishirini na watatu. Simhesabu. Mara ya kwanza mtoto hakugeuka, ya pili hakugeuka. Tumbo likawa gumu kama ubao chini ya viganja vyangu, na ugumu ule sikuwa nimewahi kuukuta. Hapo ndipo ningeacha. Mwili wangu wote uliniambia acha, Rozina. Na yeye alikuwa analia "mama, basi." Nikasema bado kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshasema hadharani kwamba nitamgeuza. Kondo likabanduka. Nilijua ni kondo kabla hata damu haijaja.

Umeuliza huwa naacha lini. Sikuacha. Ndiyo jibu lako.

Tangu Valeria nimewagusa wawili tu, yule mwalimu na mwingine mmoja, na wote wawili niliwagusa kwa hofu. Wewe ulipopata mimba hii nikasema safari hii nitaweza, nitalifuta lile la Valeria. Tumbo lako nililitaka kwa ajili yangu mwenyewe, Zita. Hilo nimelijua juzi, nikipepeta ulezi.

Kwako siombi msamaha, maana wewe hujafika mikononi mwangu. Nenda kwenye tarehe yako.

Rozina


Wodi ya wazazi, Sumbawanga,
13 Juni 2024

Mama, shikamoo.

Naandika nimeegemea mito miwili, na nikicheka mshono unanikumbusha. Kwa hiyo usinichekeshe.

Tarehe haikufika. Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye cherehani, maji yakamwagika mpaka kwenye kanyagio. Kristiana akapiga yowe kama ndiye anayezaa, akasimamisha bajaji, akamwambia dereva akisimama popote atamng'ata. Sharon tukamwacha kwa mwenye nyumba. Tulipofika leba nesi alifunua kanga, akaona kisigino. Kisigino cha mtoto, mama, kimoja, cha bluu, kinachezacheza. Akasema kwa utulivu, "Dada, usisukume hata kidogo," na papo hapo akamwita daktari kwa sauti nyingine kabisa. Wakanipandisha makalio juu kuliko kichwa, nesi akaweka mkono kuzuia kamba ya kitovu isiteleze, na hakuutoa mkono ule mpaka tumeingia chumba cha upasuaji.

Lakini kabla ya kuingia kulikuwa na fomu. Na kulikuwa na shemeji Fabiani.

Kristiana ndiye aliyempigia, kwa nia njema. Alifika anahema, akaichukua ile fomu kwenye meza, akaikunja akaibana kwapani! Akasema, "Mama ameagiza asikatwe mpaka afike yeye, au Adolfu aseme." Adolfu tukampigia, yuko njiani huko, hapatikani. Nikamuuliza, mama ameagiza lini? Akasema mwezi uliopita. Akasema hujamwambia vingine.

Uliniandikia kurasa mbili, mama. "Nenda kwenye tarehe yako." Mimi ukanifungua, Fabiani ukamwacha na amri yako ya zamani kwapani. Ulisahau, au uliona aibu kumwambia mwanao umebadilisha maneno? Usinijibu. Nadhani jibu nalijua.

Nikamwambia, "Shemeji, hiyo fomu ina jina langu." Akasema subiri dakika tano, atafute bodaboda ikulete. Nikasema, "Mguu wa mtoto uko nje, unataka dakika tano za nini? Mimi sikuolewa tumbo peke yake, niliolewa na akili yangu. Lete hiyo karatasi." Nesi, yule mwenye mkono ndani, hata hakumgeukia, akasema, "Kaka, mgonjwa ana akili timamu, anasaini mwenyewe. Wewe hatukuulizi." Kristiana akaichomoa kwapani mwake akaninyooshea. Nimesaini nimelala, kichwa chini miguu juu, mwandiko kama wa Sharon. Lakini ni jina langu zima, Zita, na la baba yangu.

Mtoto hakulia. Nilikuwa macho, nilichomwa sindano ya mgongo tu, nikasikia chumba kizima kimya. Wakamfuta, wakampa hewa, daktari anahesabu. Mama, kwa ule ukimya sitakusamehe, kama tungengoja zile dakika tano za Fabiani ningebaki nao maisha yangu yote. Halafu akakohoa, akalia kwa hasira. Wa kiume, kilo mbili na pointi saba. Mguu wake uliotangulia umevimba na una michubuko, wanasema itaisha. Nyonga zake watazipima tena wiki ya sita, maana watoto waliokaa hivi nyonga huwa zinalegea. Mimi nimepoteza damu, nimeongezwa chupa mbili. Anaitwa Modesti, jina la baba yangu. Nimempa mwenyewe kabla mtu hajaja na lake.

Adolfu alifika juzi na vumbi lake lote, akalia kuliko mtoto. Nimemwonyesha barua zako zote. Ya Christopha pia. Alikaa nayo muda mrefu nje kwenye benchi.

Sasa nakuambia masharti yangu, na hapa hapana jumuiya ya kunishitakia. Mlango wangu uko wazi, kiapo chako kivunje mwenyewe. Lakini mjukuu hutampokea mpaka uwe umeenda kwa Valeria. Mimi uliniandikia ukweli, yeye mwenye mtoto hujamwambia kitu. Usimtume Gaudensi na barua. Nenda kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo, na ile habari ya Mungu kumpenda zaidi iache nyumbani.

Zita


Kasense,
24 Juni 2024

Zita,

Kwanza Fabiani. Ni aibu, si kusahau. Nilimwona kila siku tangu nikuandikie ile barua, tukipiga ulezi pamoja, na kila siku nikasema kesho nitamwambia. Kumwambia mwanangu kwamba nimeshindwa na mkwe! Nimemwambia sasa. Amekasirika, ameondoka bila kula, na ana haki. Adolfu naye amekuja, ameniuliza Christopha amezikwa wapi. Nikampeleka.

Sasa lako.

Nilikaa siku saba nikijiandaa nitakavyosema. Nilipanga maneno mazuri, unanijua, mimi ndiye ninayeongoza sala. Jumamosi nikaenda kwa Valeria. Nikamkuta uani anapiga ulezi kwa fimbo, peke yake. Hakuniambia karibu. Nikasema shughuli zako, akasema ndizo hizi, akaendelea kupiga. Makapi yakawa yananirukia machoni. Nikasimama pale mpaka maneno yote mazuri yakaniishia, halafu nikasema, "Valeria, mimi ndiye niliyemuua mwanao. Si Mungu. Uliniambia basi na nikakusikia."

Akaacha kupiga. Nilifikiri atanipiga mimi na ile fimbo, na nilikuwa nimesimama tayari. Nisingeuzuia mkono wake.

Akaniuliza, "Alikuwa wa kike au wa kiume?"

Zita! Nilikaa chini kwenye makapi. Unajua sisi mtoto akitoka amekufa mama haonyeshwi. Tunasema akimwona atamtamani, hatapata mwingine. Tunamfunga, wanawake watu wazima wanamzika haraka, na mama akiuliza tunamwambia amwachie Mungu. Na Valeria alikuwa hospitali, hajitambui. Nilimzika mimi na mwenzangu mmoja ambaye naye ameshafariki. Kwenye yale mazishi niliyosema maneno yangu, yeye hakuwepo, alisimuliwa. Miaka kumi na moja mwanamke huyu anaimba sauti ya pili nyuma yangu na hajui alizaa nini. Na hajathubutu kuniuliza.

Nikamwambia, "Wa kike." Nikamwambia alikuwa na nywele nyingi nyeusi mpaka kwenye masikio, na vidole virefu, na alikuwa na kidevu chake yeye Valeria. Nilimwambia kila kitu nilichokiona, sikubakiza, maana ni mimi peke yangu niliyebaki duniani niliyemwona. Akasikiliza amesimama. Halafu akasema, "Nionyeshe."

Tukaenda, nyuma ya shamba langu la zamani, kule kwenye mawe. Niliweka mawe matatu siku ile, bado yapo, majani yamepanda juu. Valeria akayang'oa majani yote kwa mikono. Nilipoinama kumsaidia akasema, "Wewe usiguse." Nikarudi nyuma nikasimama. Upepo ulikuwa mkali, baridi ya mwezi huu unaijua, na yeye amevaa blauzi tu, lakini sikuthubutu hata kumpa kitenge changu.

Alipomaliza akapiga magoti akazungumza chini chini, muda mrefu. Akainuka akasema ameshampa jina.

Nikamwambia, mwanangu Valeria, nitajie hilo jina, Jumapili nilisome kwenye jumuiya, nisimame mbele ya watu wote niseme nilichofanya, tumwombee.

Akasema, "Ulichofanya kaseme, nitakuja kukusikiliza. Jina ni langu. Wewe hutalijua."

Jana nimesema. Yeye alikaa mbele kabisa. Uenyekiti nimeuacha. Jina sijalijua.

Rozina